Upepo wa Kupanda Tambach

Ukitoka Iten kuelekea Kabarnet, barabara hutumbukia. Inaanzia mita 2,400 juu ya bahari, inazungukazunguka kwenye kona za Tambach, na ikifika sakafu ya Bonde la Kerio imeshuka zaidi ya mita 1,000. Joto linakupokea kabla hujaiona Biretwo. Huko chini ndiko anakoishi Kogo, mama wa mume wangu, na mbuzi wake, na miembe yake iliyo ng'ambo ya laga, mto mkavu mpana wa mchanga. Sisi tunaishi Kapsoya, Eldoret, na kila tukienda kumwona hupunguza upepo wa matairi ili tuivuke laga, kisha tukirudi huurudisha kabla ya kushika lami. Kuutoa ni rahisi, hata mtoto anaweza kwa kijiti. Kuurudisha ndiko kulikotuhangaisha, kukatugharimu tairi, fyuzi, kidole cha binti yetu, na urafiki wa ndugu wawili ambao hawakunywa chai pamoja tangu mahindi yapandwe hadi yavunwe.

Kwa wasioendesha mchangani nieleze kidogo. Tairi la pikapu lililojazwa PSI 35 hukata mchanga mkavu na kujizika. Ukilishusha hadi 20 au 18 hutandazika, alama yake ardhini hurefuka, na gari hupita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwenye mawe ya bondeni 26 hivi inatosha, tairi likumbatie jiwe lisipasuliwe nalo. Lakini tairi laini ni la mwendo wa pole tu. Likipelekwa kwenye lami kwa kasi, ubavu wake hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, hupata moto, na usukani unakuwa mzito kwenye kona ambazo ndizo zinazohitaji usukani mwepesi. Na Tambach ni kona tupu.

Kwa miaka mingi tulitegemea pampu ya mguu na fundi wa pancha wa sokoni. Kisha ikaja jioni moja ya Desemba, Jumapili, pikapu imejaa maembe hadi juu, na fundi amefunga amekwenda kwao. Tukatandika pampu kando ya barabara. Mume wangu akakanyaga, kijana wetu akakanyaga, binti akakanyaga, mimi nikashika geji. Tairi kama letu linabeba hewa lita 60 na ushee, na ili kulitoa PSI 20 hadi 35 unahitaji kulishindilia karibu lita 60 nyingine. Pampu ya mguu haitoi hata nusu lita kwa mkanyago mmoja. Mtu apige hesabu mwenyewe, kwa matairi manne, giza likiingia na maembe yakianza kunuka kwa joto.

"Tutapanda polepole," mume wangu akasema, na watoto wakapanda garini wamechoka kiasi cha kutouliza.

Tulifika nyumbani salama usiku wa manane. Jumatatu fundi wetu wa pancha alilitoa tairi la nyuma kwenye rimu, na ndani yake mkamwagika unga mweusi wa mpira. "Mama," akaniambia, "hili limejitafuna. Msilipande tena." Tairi lilionekana zima kwa nje. Nawaomba wenzangu mkumbuke unga huo, kwa sababu hauonekani ukiwa umesimama nje ya gari ukilipiga tairi teke.

Basi mume wangu akanunua kompresa. Ilikuwa ndogo, ya kuchomekwa kwenye lile tundu la kuwashia sigara ambalo siku hizi wote tunachajia simu. Boksi lake lilisema maneno makubwa. Kijana wetu, aliyekuwa chuo cha ufundi mwaka wake wa kwanza wa umeme, akalisoma boksi na kunyamaza, maana haikuwa nafasi yake kumkosoa baba yake mbele ya wageni. Alinieleza baadaye jikoni. Tundu lile kwa kawaida linalindwa na fyuzi ya ampea 15 au chini yake. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180, na hapo ndipo mwisho wa nguvu unayoweza kuchota. Mashine inayoahidi zaidi ya hapo kupitia tundu hilo inadanganya au itakata fyuzi.

Ilikata fyuzi. Ilikata tukiwa bondeni, ikiwa imefanya kazi kwenye matairi mawili tu, na simu zetu zikakosa chaji hapohapo. Kijana alipobadilisha fyuzi, kompresa iliendelea, ikitetemeka na kujiburuta changaraweni, hadi shaba ya ncha ya mpira wake ikapata moto. Binti yetu aliyepewa kazi ya kuitoa kwenye vali alipiga ukemi. Kidole kilifanya lengelenge lililokaa hadi shule zikafunguliwa. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na mashine ndogo isiyo na mapezi ya kupoza hulipeleka joto lote kwenye mpira na ncha yake. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wangu anayegusa ncha bila kitambaa, na nashauri hivyo hata kwa mashine nzuri.

Geji yake nayo ilidanganya. Fundi wa pancha alipopima kwa yake, matairi yaliyoandikwa 35 yalikuwa 30.

Hapo ndipo kila mtu nyumbani alipopata la kusema. Shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye anabeba mahindi kwa Canter kutoka Ziwa na Moi's Bridge, alikuja Jumapili baada ya kanisa na wazo la mtungi wa gesi ya kaboni, ile inayotia povu kwenye soda. Alisema wenye magari ya porini Marekani wanautumia, unajaza tairi kwa muda mfupi sana, hauna injini, hauna waya. Yote hayo ni kweli. Lakini ukiisha umeisha, unarudi mjini kuujaza, na mimi sikutaka chuma chenye gesi iliyoshindiliwa hivyo kikae nyuma ya viti vya watoto kwenye jua la Kerio. Nilisema hivyo wazi na mume wangu aliniunga mkono.

Fundi wa injini tuliyemzoea, yeye alipendekeza tuibadili kompresa ya AC. Inazungushwa na mkanda wa injini, nguvu inayo tele, na nani Eldoret anahitaji AC? Tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, asubuhi ya Julai tunavaa majaketi mawili. Mume wangu alilipenda sana wazo hilo kwa sababu lilikuwa la bei nafuu, na nusura afungue boneti siku hiyohiyo. Kijana wetu ndiye aliyeuliza kwa adabu: "Baba, mafuta yake yatatoka wapi?" Fundi alikubali swali lilikuwa la haki. Kompresa nyingi za AC hulainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi ya kupozea. Ukiiondoa gesi na kuivutisha hewa kavu ya barabarani, inajila yenyewe. Ukiiwekea kitonesha mafuta, mafuta yale yanafuata hewa hadi kwenye tairi, na mpira na mafuta haviishi pamoja. Zipo kompresa za zamani zenye bakuli lao la mafuta, kama zile za York, ambazo watu wamezigeuza kwa miongo mingi zikafanya kazi vizuri. Yetu haikuwa hiyo. Na Kogo, aliposikia, alisema kwenye simu kwamba siku akipelekwa kliniki Hospitali ya Rufaa ya Moi, ule ubaridi wa garini ndio humpandisha mlima akiwa na pumzi. AC ikabaki AC.

Binti alitaka kujua kwa nini malori ya Barabara ya Uganda hayana taabu hiyo. Ameyaona yameegeshwa kando, dereva amevuta mpira kutoka chini ya lori na anajijazia tairi akiimba. Jibu lake ni zuri. Malori makubwa yanafunga breki kwa upepo, kwa hiyo injini yao ina kompresa inayojaza mitungi ya breki hadi PSI 120 hivi kila wakati, na dereva anachota humo. Kwa maneno mengine, mfumo tulioutafuta sisi kwa kelele ulikuwa unapita mbele ya lango la jiji letu mchana na usiku ukienda Malaba. Canter ya shemeji haina mtungi huo, kwa kuwa breki zake ni za mafuta. Hilo likumbukwe, linakuja.

Kijana naye alikuwa na video zake za Rhino Charge. Wengi mnaijua: mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha pesa za kuuzungushia ua msitu wa Aberdare, ua ambao ulikamilika mwaka 2009 na una urefu wa karibu kilomita 400. Magari hupewa vituo 13 na saa 10, na anayevifikia vyote kwa mwendo mfupi zaidi ndiye mshindi, hata kama mwendo huo mfupi unapita juu ya genge. Alituonyesha kompresa zenye mota mbili zilizofungwa chini ya boneti, za kampuni kama ARB, iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1975. Ni mashine za kuheshimiwa. Nilimwambia, mwanangu, wale wanashindana na saa, sisi tunashindana na maembe yasioze. Ilikuwa Machi, mvua inanukia, na baba yake alikuwa na orodha ya mbolea mfukoni. Uasin Gishu hakuna anayenunua kitu Machi kabla ya mbolea, na sioni kosa katika hilo.

Tukakubaliana kati na kati. Ilinunuliwa kompresa ya kubebeka, ya volti 12, yenye koleo mbili za kushika moja kwa moja kwenye betri. Ilikula ampea 30, ilikuwa na mwili wa alumini wenye mapezi, na mpira mrefu wa kufika gurudumu la nyuma. Injini unaiacha ikiunguruma ili betri isife. Ilikuwa nzuri, nasema kweli. Tulivuka laga, tukala kwa Kogo, tukarudi barabarani, na matairi yakajaa wakati chai ya thamosi ikimiminwa.

Uzuri wake ndio ulioleta shida. Kitu cha kubebeka katika nyumba ya Kiafrika hubebwa. Jirani aliijia kwa ajili ya toroli. Vijana wa bodaboda wakaijua. Mpira wa timu ya kanisa ulijazwa nayo, na baiskeli za watoto wa mtaa mzima. Sikuona ubaya, chombo kisichosaidia jirani ni cha nini? Kisha shemeji akaja alfajiri moja ya msimu wa kupanda, mume wangu akiwa shambani.

"Shemeji, niazime hiyo kompresa yenu. Nina tairi la nyuma linashuka na niko na mbegu za watu."

Nikampa. Mtu hamnyimi shemeji yake kitu kama hicho, na ningempa tena leo.

Canter yake ina betri mbili. Kila moja ni ya volti 12, zimeunganishwa kwa mfuatano, na gari lote linatembea kwa volti 24, kama malori mengi ya Kijapani yaliyojaa barabara zetu. Shemeji alishika koleo nyekundu kwenye kichwa cha mwanzo na nyeusi kwenye kichwa cha mwisho, kama anavyofanya mtu yeyote anayetaka umeme wa gari zima. Mashine ya volti 12 ikapewa 24. Walioshuhudia walisema ililia kama king'ora, ikatoa moshi wa buluu, ikanyamaza. Mota ilikuwa imeungua hadi waya zake zikawa nyeusi.

Nitasema mawazo yangu kuhusu ugomvi uliofuata. Mume wangu alisema mtu anayeendesha Canter miaka yote hiyo anapaswa kujua volti zake. Shemeji alisema mtu anayeazima chombo anapaswa kuambiwa masharti yake, na kwamba hakuna mahali kwenye kile chombo palipoandikwa usiweke kwenye lori. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu hukaa muda mrefu, maana hakuna wa kuomba msamaha kwanza. Mahindi yakaota, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele. Shemeji akipita na Canter, alipiga honi watoto wakampungia mikono, naye hakusimama. Kikombe chake kilikaa kabatini.

Aliyemaliza jambo hilo ni Kogo. Aliwaita wote wawili bondeni mwezi wa Novemba, wakati wa kuvuna, na hakuwauliza ya betri. Aliwaagiza wafunge zizi la mbuzi upya, kutwa nzima, nguzo kwa nguzo, wao wawili peke yao. Jioni, wakila, alisema tu: "Kitu cha gari kifungwe kwenye gari." Shemeji akasema atalipa nusu akishauza mahindi. Mume wangu akasema hataki nusu, anataka ndugu yake aje Jumapili. Alikuja, na alilipa nusu vilevile.

Kwa hiyo kompresa ya mwisho, ambayo tunayo hadi leo, imefungwa garini. Hapa kijana wetu aliachiwa kazi, na baba yake alishika taa. Tulichagua ya mota moja, tukaiacha ya mota mbili. Sababu ni hii: hewa ya matairi yetu manne ni lita 240 hivi, na mashine inayotoa lita 60 kwa dakika ikiwa na mzigo inaimaliza, pamoja na kuhama kutoka gurudumu hadi gurudumu, chini ya robo saa. Mota mbili zingepunguza dakika chache kwa pesa za magunia kadhaa ya mbolea, na zingetaka karibu ampea 60 na waya mnene kuliko kidole.

Mwuzaji alitaka tuongeze mtungi wa lita nne wa kuhifadhi upepo. Kijana alipiga hesabu kwenye kaunta. Mtungi huo ukijaa PSI 120 utakupa, hadi ushuke kwenye 35, lita 23 hivi za hewa, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya mahitaji ya tairi moja. Una kazi yake kwa mwenye honi za upepo au spana za upepo. Kwa matairi tu ni uzito wa bure, tukauacha dukani.

Kuna jambo ambalo maboksi hayasemi na sisi wa nyanda za juu tunapaswa kulijua. Lita zinazoandikwa hupimwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Eldoret hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya tano, hivyo kila pigo la pistoni linameza hewa pungufu, na kazi iliyoahidiwa dakika tano itachukua sita na zaidi. Bondeni mashine ileile inaamka kidogo. Na geji nayo hubadilika njiani bila mtu kugusa vali: ukishuka kutoka Iten hadi Biretwo, uzito wa hewa ya nje unaipunguzia karibu PSI 2, na joto la bondeni linairudishia kama hizo au zaidi. Ndiyo maana tunapima asubuhi, matairi yakiwa baridi, tukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na tunapima tena huko chini.

Mashine imekaa chini ya boneti, upande wa mbali na bomba la moshi, juu kuliko maji ya laga yanapoweza kufika siku ya mvua. Chujio lake la hewa limepandishwa kwa kipande cha mpira hadi karibu na ukuta wa injini, kwa kuwa vumbi la Kerio ni laini kama unga wa wimbi na huua pistoni. Waya mnene unatoka kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, sentimita chache tu, ili waya ukichubuka popote fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Kuna rilei, na swichi ndogo karibu na usukani ambayo haiwaki kama ufunguo haujafunguliwa. Geji nzuri, ya peke yake, inakaa kwenye dashibodi, na nilisisitiza inunuliwe siku ileile. Kama pesa zingetosha kitu kimoja tu ningechagua geji.

Jirani bado anakuja na toroli, naye hulileta hadi garini. Shemeji amefunga yake mwenyewe, ya volti 24, na kijana wetu ndiye aliyemfungia.

Tairi la upepo lililokuja kuenea duniani lilianza na mzazi na mtoto. Mwaka 1888 huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi alilokuwa amemtengenezea mwanawe, aliyekuwa akitikiswa na baiskeli yake ya magurudumu matatu kwenye njia za mawe. Nililisimulia hilo mezani, na mume wangu akapenda kwamba alikuwa mtu wa ng'ombe.

Wenzangu wa Eldoret mnaoteremka Kerio kwa wazazi, au mnaokwenda mchanga wa Turkana: kabla hamjatoa pesa, ulizeni mashine inakula ampea ngapi na gari lenu ni la volti ngapi, kisha ifungeni garini. Na kama jioni imewakuta chini na matairi laini na hamna cha kuyajazia, laleni huko kwa Kogo. Tambach ipandwe asubuhi.